Tuisheni ya maneno ya baiolojia, Kitangiri: wiki nane za binti yangu

Nauza dagaa na kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, huu ni mwaka wa kumi na moja. Mambo ya ualimu siyajui. Nayajua ya samaki, na najua shilingi 45,000 inapatikanaje kwa mtu anayeshinda juani akigeuza dagaa. Ndiyo hela niliyolipia tuisheni hii, na wazazi wenzangu wa Kirumba, Kitangiri na hata Igoma wameniuliza mara nyingi kama ilirudi. Ninaandika kirefu ili nisirudie kwa kila mmoja.

Binti yangu alimaliza darasa la saba Septemba. Amesoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba ya Kiswahili, na sayansi alikuwa anaipenda. Alijua usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, alijua chakula kinapita wapi mpaka kifike utumbo mkubwa, alijua mbu anaambukizaje malaria. Sasa Januari mtoto huyohuyo anaingia kidato cha kwanza, somo linaitwa Biology, na kila alichokuwa anakijua kinamjia kimevaa nguo nyingine. Asipolijua jina jipya la kitu, mwalimu anamhesabu hajui kitu chenyewe. Hilo linaniuma kwa sababu lilinipata mimi. Niliishia kidato cha pili. Kwenye mtihani kulikuwa na mchoro wa samaki, mshale umeelekezwa kwenye matamvua, pale samaki anapopumulia, chini kuna mstari wa kuandika jina. Nilikuwa nimeshapasua samaki tangu nina miaka minane. Ule mstari niliuacha mtupu.

Kabla ya hapa nilimpeleka kwenye kituo kingine, sitakitaja. Siku ya kwanza walimpa karatasi za fotokopi, maneno mia tano yamepangwa kwa alfabeti, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, kila siku akariri hamsini. Wiki ya pili nikamuuliza "hand" ni nini, akajibu mkono. Nikamuuliza "arm" ni nini, akajibu mkono. Nikamwuliza tofauti yake, akaniangalia tu. Nikamtoa.

Hii ya Kitangiri ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mabenchi, ubao wa kupaka rangi nyeusi, na mwalimu kijana ambaye mwenyewe amesomea baiolojia. Wanafundisha Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili asubuhi mpaka saa tano, wiki nane, Oktoba na Novemba. Hawafundishi masomo yote ya fomu wani. Wanafundisha maneno ya msingi ya baiolojia kwa Kiingereza, basi. Wengine waliniambia ni kidogo kwa hela hiyo. Mimi naona hapo ndipo penye akili ya kazi yenyewe, maana vituo vinavyofundisha masomo tisa kwa wiki sita vinamgusisha mtoto kila kitu na kumwachia mikono mitupu.

Wiki ya kwanza yote ilikuwa mwili, na jambo la kwanza mwalimu alilowaambia watoto ni kwamba Kiswahili na Kiingereza hazikati mwili mahali pamoja. Binti alirudi nyumbani, akasimama mlangoni, akaniwekea kidole begani akakishusha mpaka kwenye kifundo: "Mama, hapa mpaka hapa ni arm." Kisha akanishika kiganja na vidole: "Na hapa ni hand." Sisi wote huo ni mkono. Mguu vilevile: kuanzia nyonga mpaka kifundo ni "leg", kinachokanyaga chini ni "foot". Kidole cha mkononi "finger", cha mguuni "toe", na kidole gumba cha mkononi kina jina lake peke yake, "thumb", yenye herufi b mwishoni ambayo haisomwi. Niliona kwa mara ya kwanza kwa nini alikuwa amekwama. Hakuwa mvivu. Alikuwa anatafuta neno moja la Kiingereza kwa kila neno moja la Kiswahili, na hakuna aliyemwambia kwamba mengine yanapasuka mawili au matatu.

Neno lililonishangaza mimi zaidi ni mshipa. Mtu akija sokoni akasema ana mshipa unamsumbua, unaweza kudhani ni wa damu, wa fahamu, hata ngiri. Kwenye baiolojia kila kimoja kina jina. Mshipa unaotoa damu moyoni ni "artery", unaoirudisha moyoni ni "vein", na ule unaopeleka taarifa za maumivu na mguso si wa damu kabisa, ni "nerve". Mwalimu aliwafundisha kwa kujishika: bonyeza hapa kwenye kifundo cha mkono, panapopiga, hiyo ni ateri; ile ya kijani unayoiona nyuma ya kiganja cha bibi yako, hiyo ni vena. Usiku ule nyumba nzima tulikuwa tumeshikana mikono. Tumbo nalo limegawanyika: mfuko unaopokea chakula ni "stomach", sehemu yote ya mbele chini ya kifua ni "abdomen". Mtoto aliyekariri tumbo ni "stomach" atakosea siku atakapoambiwa mdudu ana kichwa, kifua na "abdomen".

Kuna maneno ya upande wa pili pia, ambayo Kiingereza kinatumia moja na sisi tuna mengi. Haya mwalimu aliyapa siku nzima, na nampongeza. "Tissue" mtoto wa Mwanza anaijua, ni tishu ya chooni, inauzwa kila kioski. Kwenye baiolojia ni kundi la seli za aina moja zinazofanya kazi pamoja. "Organ" kwa aliyezoea kwaya ya kanisani ni kinanda. Darasani ni moyo, ini, figo. "Pupil" ni mwanafunzi na ni mboni ya jicho. "Cell" ni chumba cha mahabusu, na hapo aliwasimulia Mwingereza Robert Hooke, ambaye mwaka 1665 alichapisha alichokiona kwenye hadubini alipotazama kipande chembamba cha gamba la mti linalotengenezewa vizibo. Akaona vijumba vimepangana kama sega la nyuki, akaviita "cells". Alichokiona yalikuwa maganda ya seli zilizokwisha kufa, lakini jina lilibaki mpaka leo. Binti yangu hajawahi kuisahau "cell" tangu hapo, na najua ni kwa sababu ya vile vijumba. Hadubini yenyewe hawana. Ni upungufu, lakini kwa bei ile sikuitegemea.

Wiki ya nne mwalimu alinipigia simu. "Shikamoo mama. Kesho tuna samaki, tunaweza kupata sato mzima asiyeparuliwa?" Nikamwambia sato nitampa, na kama hana neno nami nitakuja, maana Alhamisi asubuhi mizigo ya visiwani ilikuwa imechelewa. Nilikaa benchi la nyuma na watoto thelathini na wanne.

Alimweka sato kwenye sinia juu ya meza, akawaita watoto kumi kumi. Akaanza na magamba. "Scales." Mtoto mmoja akasema "scale" ni mizani, baba yake anayo. Mwalimu akasema ni kweli, neno ni hilohilo: moja unapimia samaki, moja samaki amelivaa, utajua kwa sentensi. Akapita kwenye mapezi, "fins", akawaonyesha pezi la mgongoni lenye miiba na lile la mkiani. Akawaonyesha mstari mwembamba unaopita ubavuni. Miaka yote nimeuona nikadhani ni alama tu. Kumbe ndio samaki anaousikilizia maji yanavyotikisika, "lateral line".

Kisha akainua kile kifuniko cha shavuni, "operculum", na chini yake yakatokea matamvua, mekundu, yamejipanga kama meno ya kitana. "Gills." Akawauliza kwa nini ni mekundu. Mmoja akasema damu. Kwa nini damu nyingi hivyo mahali pamoja? Kimya. Akawaeleza polepole kwamba maji yanaingia mdomoni, yanapita kwenye vile vijiti vyembamba na kutokea shavuni, na oksijeni iliyomo majini inavuka kuingia kwenye damu iliyo karibu kabisa na uso. Ndiyo maana, nikajiambia moyoni, mteja mjuzi anafunua shavu kabla hajauliza bei: matamvua yakiwa mekundu samaki ni wa leo, yakiwa ya kahawia kalala. Nilinyoosha mkono nikawaambia watoto hilo. Mwalimu akaliandika ubaoni kwa Kiingereza, sentensi fupi, nao wakainakili: samaki mbichi ana matamvua mekundu. Nikaisoma ile sentensi ubaoni mara tatu.

Alipopasua tumbo akatoa kifuko cheupe chenye hewa. Watoto wa Mwaloni wote wakasema kwa pamoja: bondo! Bondo la sato ni dogo, hakuna anayelihangaikia; la sangara ndilo linanunuliwa kwa bei na kusafirishwa mpaka nchi za Asia. Kwa Kiingereza ni "swim bladder", na "bladder" peke yake ni kibofu. Mwalimu akaeleza kazi yake, kwamba samaki anaongeza au kupunguza hewa humo ili akae kwenye kina anachotaka bila kuzama wala kuelea. Nilikumbuka sangara wanaovutwa haraka kutoka kwenye maji marefu wanavyofika juu tumbo limevimba. Hewa ya kwenye bondo inatanuka. Nimeliona maisha yangu yote, maelezo yake nikayapata Kitangiri nikiwa na miaka thelathini na saba.

Kamongo hakuwepo mezani, lakini jina lake likatajwa kwa sababu ni jepesi kukumbuka: "lungfish". "Lung" ni pafu, "fish" ni samaki. Kamongo ana matamvua na mapafu pia, na huja juu kuvuta hewa; ukimzuia chini ya maji atakufa. Watoto waliondoka siku ile na maneno kumi na nne, na binti yangu aliyarudia yote nyumbani nikiwa naandaa sangara wa jioni, kila kiungo nilichogusa akakitaja. Tulipofika kwenye "liver" nikamsikia anasema "river". Wasukuma wengi ulimi wetu unazichanganya r na l, na mwalimu alikuwa ameshawaonya. Ini ni "liver", mto ni "river". Alisimama akarudia mpaka ikakaa.

Kitu kingine wanachokifundisha vizuri ni kuvunja neno refu. Mtoto akiona "photosynthesis" ubaoni anakata tamaa kabla ya kulisoma. Mwalimu analikata katikati: "photo" ni nuru, "synthesis" ni kuunganisha vitu kupata kitu kimoja. Usanisi, nuru. Usanisinuru. Neno letu limejengwa kwa matofali yaleyale, na mtoto aliyekwisha kulijua la darasa la sita hana kazi mpya. "Herbivore", "carnivore", "omnivore": mkia wote ni mmoja, maana yake ni kula, kinachobadilika ni mbele, anakula nini: majani, nyama, au vyote. Kwenye wingi ndipo palipomsumbua zaidi. Sisi wingi tunauweka mwanzoni mwa neno, kimelea, vimelea. Kiingereza kinauweka mwishoni, na maneno ya baiolojia mengi yamechukua mwisho wa Kilatini: "bacterium" moja, "bacteria" nyingi, "fungus", "fungi", "larva", "larvae". Hili waliliharakisha, siku moja tu, na bado binti yangu anasema "bacterias". Walihitaji siku tatu.

Sasa yale yaliyoniudhi.

Kuna daftari lililochapwa wanalouza shilingi 4,000, na wanasisitiza kila mtoto awe nalo. Ukurasa wa 14 umeandika "respiration" ni kupumua na "excretion" ni kwenda haja kubwa. Yote mawili si sahihi, na mwalimu mwenyewe darasani alifundisha vizuri. Kuvuta na kutoa hewa ni "breathing". "Respiration" inafanyika ndani ya seli, chakula kinavunjwa ili mwili upate nishati, na mmea nao unafanya hivyo usiku na mchana ingawa hauna pua. "Excretion" ni kutoa taka ambazo mwili wenyewe umezitengeneza: mkojo kupitia figo, hewa ya kabonidayoksaidi kupitia mapafu, jasho kupitia ngozi. Haja kubwa kwa sehemu kubwa ni mabaki ya chakula ambacho hakikumeng'enywa, na ina neno lake, "egestion". Nilimwonyesha mwalimu. Akakubali, akasema daftari lilichapwa kabla hajaanza kazi pale. Sawa, lakini mtoto anayejisomea nyumbani usiku anaamini kilichochapwa kuliko alichokisikia. Na haya ndiyo maneno ya mwezi wa kwanza wa kidato cha kwanza, tabia za viumbe hai. Ukianza na hilo kosa utalibeba.

La pili ni zito zaidi kwangu. Wiki ya saba ilikuwa uzazi. Kwenye maua walikaa siku tatu, chavua, uchavushaji, na wakafafanua vizuri kwamba "fertilization" ni mbegu ya kiume kuungana na yai, haina uhusiano na mbolea ya dukani ingawa "fertilizer" inafanana. Walipofika kwa binadamu, mwalimu aliandika maneno sita ubaoni, akayasoma mara moja, akafuta. Wavulana walicheka, wasichana wakainama. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu. Anahitaji kujua "ovary", panapotoka yai, "uterus", mfuko wa uzazi, na "menstruation", hedhi, kwa jina na kwa maana, bila aibu, kwa sababu ni mwili wake na kwa sababu yatakuja kwenye mtihani. Jirani yangu muuguzi ndiye aliyemkalisha Jumamosi moja, akamchorea mfuko wa uzazi kwenye karatasi ya kufungia dagaa, akamweleza hedhi inatoka wapi. Nililipia kazi hiyo, ikafanywa bure na jirani. Wakimtafuta mwalimu wa kike kwa siku mbili tu, hili litakwisha, na nimewaambia.

Tatu, watoto ni wengi. Thelathini na wanne kwenye chumba cha ishirini, na Novemba joto la Mwanza mnalijua.

Lakini sitaki mtu asome malalamiko haya akasahau somo la kichocho, wiki ya mwisho. Sisi watu wa ziwani tunaoga humo, tunafua humo, watoto wanachota maji humo. Mwalimu aliwafundisha maneno matatu tu siku nzima: "parasite", kimelea, "host", mwenyeji, na "snail", konokono. Akaeleza kwamba mwenyeji hapa ni kama mwenyeji wa nyumba, anayempokea mgeni, ila mgeni huyu anakula asichokaribishwa. Mayai yanatoka na haja ya mtu mgonjwa, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinamwingia konokono. Vinakua na kuongezeka humo, vinatoka vikiwa na umbo lingine, vinaogelea, vinapenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kwa hiyo kimelea kimoja kina wenyeji wawili, na konokono anaitwa "intermediate host", mwenyeji wa kati. Akawauliza: ukitaka kuikata safari hii, unaikata wapi? Watoto walibishana mpaka saa sita kasoro. Mmoja alisema choo. Mwingine alisema konokono. Binti yangu alisema dawa, mwenye minyoo atibiwe asiendelee kutoa mayai. Wote walikuwa sahihi, na wote walikuwa wanazungumza nusu Kiingereza bila kulazimishwa. Tangu siku hiyo mdogo wake haruhusiwi kucheza kwenye matete, dada mtu ndiye askari.

Mtu akitaka kumpeleka mwanawe: fika wiki ya mwisho ya Septemba, nafasi zinajaa mara tu mitihani ya darasa la saba inapokwisha. Wanakubali kulipa mara mbili, nusu kwanza. Mpe daftari la kawaida la kurasa mia, penseli ya kuchorea, na chupa ya maji. Ukiwa na kitu cha kazi yako kinachoweza kufundishia, ua, jani, samaki, mfupa wa ng'ombe, mpe abebe. Mwalimu anakipokea kwa mikono miwili na somo linakuwa jingine kabisa.

Binti yangu yuko fomu wani sasa. Jaribio la kwanza la Biology lilikuwa na mchoro wa samaki, mishale mitano. Aliijaza yote. Karatasi ile nimeibandika ukutani juu ya mizani pale kibandani, na wateja wananiuliza ni nini.

Mwakani mdogo wake anamaliza la saba. Nitamlipia palepale, na sato nitampa mwalimu bure kama mwaka jana. Daftari la shilingi 4,000 sitanunua mpaka nifungue ukurasa wa 14 nione limerekebishwa.